Bwana Mifugo na Mbwa wa Jumamosi

Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia, na sitaanza leo. Pale Ilongero tulimwita Bwana Mifugo, kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta: kuchanja ng'ombe, kuhasi madume, kukagua nyama buchani, na kutukumbusha kila kiangazi kwamba mbuzi wetu ni wengi kuliko majani. Alikuja miaka michache baada ya Uhuru, akakaa nasi mpaka vijiji vya Ujamaa vilipokwisha kuzoeleka. Kwao hasa ni wapi, hakuna aliyekuwa na hakika. Alisema Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo, vyote kwa lafudhi ya mgeni, kwa hiyo kila upande ulidhani ametoka upande mwingine.

Mimi ni seremala. Kilichotukutanisha ni magongo. Nje kidogo ya Ilongero, misheni ilikuwa na bweni la watoto waliopoozwa miguu na polio, wengine wadogo, wengine wameshavunja ungo au wameota ndevu. Matroni wa bweni, mama wa Kinyiramba asiyecheka ovyo, ndiye aliyeniagiza magongo, na kwa kuwa watoto hukua, kazi haikuisha. Kila Jumamosi nilipokwenda kupima na kukata, nilimkuta Bwana Mifugo uani, kaptula ya kaki, soksi ndefu mpaka magotini, baiskeli imeegemezwa kwenye jiwe kubwa, na mbwa.

Mbwa wa kwanza aliitwa Watasema. Alikuwa jike la rangi ya vumbi, sikio moja limechanika, na utulivu ambao sijauona kwa watu wengi. Bwana Mifugo alimpa jina hilo kwa sababu alijua watasema, na kweli walisema. Mtumishi wa serikali anayezunguka na mbwa nyuma ya baiskeli, tena anayempeleka kwa watoto wagonjwa, hakukosa kusemwa.

Nilimwuliza siku moja alianzaje. Alikuwa anachomoa miiba kwenye wayo wa Watasema, hakuinua kichwa.

"Sikuanza kitu, fundi. Nilikuja kuangalia ng'ombe wa misheni. Mbwa nikamsahau mlangoni. Niliporudi nikakuta mtoto ambaye Matroni alikuwa ameshindwa kumtoa kwenye mkeka tangu afike, ametambaa mwenyewe mpaka kizingitini. Wanaangaliana. Nikaona kazi imeshaanza bila mimi, nikaona aibu kuondoka."

Ungetarajia mtu wa namna hiyo awe mpole kwa wanyama. Hakuwa. Sikumwona hata siku moja akimbembeleza mbwa. Alizungumza nao kama mzee anavyozungumza na mkwe, kwa heshima na umbali: "Wewe, bwana, kaa hapo." Nyumbani kwake hawakuvuka mlango. Na huyu mtu aliyeweza kuingiza mkono mzima kwenye tumbo la ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, aliogopa bata mzinga. Misheni walikuwa na mmoja, dume lenye kiburi. Bwana Mifugo akimwona uani alizunguka na baiskeli yake nyuma ya jiko, akaingilia kwa mlango wa kuni. Watoto walijua. Kuna waliojifunza kutambaa haraka ili tu wamfungulie bata kabla hajafika.

Kwa watoto pia hakuwa laini. Asiyesema shikamoo hakupewa mbwa, hata kama analia. Wageni walipokuja kuwatazama na kusema masikini, masikini, alikunja uso. "Usimwonee huruma," aliwaambia. "Mpe kazi." Basi kila mtoto alikuwa na kazi: huyu kumchana mbwa manyoya, huyu kumwangalia kupe masikioni, yule kumwita kutoka upande wa pili wa ua na kungoja afike. Kijana mmoja ambaye mikono yake ilitetemeka mno hata kushika kijiko, alipewa kazi ya kumpa mbwa maji. Yalimwagika. Bwana Mifugo alimjazia tena bakuli bila neno, na tena, na Watasema alikaa akingoja kana kwamba hiyo ndiyo namna maji yanavyonywewa duniani kote.

Utulivu ule haukuzaliwa naye. Naujua ulikotoka kwa sababu niliufanyia kazi. Kabla ya kumkaribisha mbwa kwa watoto, Bwana Mifugo alihakikisha hashtuki kwa lolote. Alimlaza karibu na kinu wanawake wakitwanga uwele. Alimwangushia magongo ubavuni. Alipiga sufuria nyuma ya masikio yake. Mwisho kabisa, kwa kuwa watoto wa pale walianguka kila mara, mbwa alipaswa kuzoea kuangukiwa.

"Sasa fundi," aliniambia, "anguka."

"Niangukie wapi?"

"Juu yake. Polepole kwanza."

Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto. Nilimwangukia mbwa Jumamosi ile nzima, mbele, kiubavu, chali, na kinamama waliokuwa wakitoka kisimani walisimama na ndoo vichwani kutazama. Mmoja akauliza kwa Kinyaturu kama nimelewa. Bwana Mifugo akamjibu, kwa lafudhi yake mbaya, kwamba hapana, niko kazini. Baada ya siku hiyo nikawa mtu wake. Tulijitolea sisi wawili, na Matroni akawa wa tatu, ingawa yeye alisema anasimamia tu.

Ilikuwa miaka ya kujitolea. Jumamosi kijiji kilikwenda shamba la Ujamaa, na majina yetu mawili yakaanza kutajwa kwamba tunacheza na mbwa wenzetu wakipalilia. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuja bwenini kutuita. Bwana Mifugo alimletea kiti.

"Kaa kidogo, Mwenyekiti. Wewe ndiye unayetuhubiria kujitegemea. Mtazame yule binti."

Binti alikuwa anajaribu kusimama, kifua amekiegemeza mgongoni kwa mbwa. Mwenyekiti alitazama. Binti alisimama, akayumba, akakaa, akaanza upya. Mwenyekiti alitazama mpaka kiti kikapata jua, kisha akaaga. Tangu hapo tulikwenda shambani siku za Jumatano, na Jumamosi yetu haikuguswa.

Binti yule aliitwa Mwajuma. Alitoka Unyambwa, alikuwa na miaka kama kumi na minne, na kabla ya kuletwa alikuwa amekaa ndani ya nyumba yao ya tembe kwa miaka, anatoka alfajiri tu, watu hawajaamka. Nilimchongea magongo mazuri kuliko yote niliyowahi kuchonga, akayaweka chini ya kitanda. Matroni alimbembeleza, akamfokea, akamwacha. Mimi nilidhani yanamuumiza kwapani. Nikamwuliza.

"Hayaniumizi, fundi," alisema. "Yanapiga kelele. Ko, ko, ko. Watu wakisikia wanageuka wananitazama."

Nilimpelekea Bwana Mifugo maneno hayo. Akasema, "Basi tuwape watu kitu kingine cha kutazama."

Alikuwa anafikiria Watasema atembee ubavuni mwa binti, binti ameegemea upande mmoja kwenye gongo na upande mwingine kwenye mbwa. Lakini kabla hawajaanza, mama yake Mwajuma akafika kutoka Unyambwa. Alikuwa amesikia. Alisimama uani, kanga imemfunika vizuri, asiguse kitu.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nilimleta mwanangu afundishwe kutembea. Sikumleta ashikane na mbwa. Sisi ni watu wa swala."

"Mimi pia ni mtu wa swala, mama."

Hakuamini. Hata mimi sikuwa na hakika wakati huo, maana msikitini Ijumaa alikaa nyuma kabisa na kuondoka bila mazungumzo. Lakini alimweleza taratibu. Alisema ana nguo za mbwa na nguo za swala, na hazijawahi kukutana. Alisema akiguswa na mate ya mbwa husuuza kwa maji na udongo, kama alivyofundishwa madrasa, hata iwe usiku wa baridi. Alisema mbwa huyu amemfunza asilambe mtu. "Mdomo wake una adabu kuliko wangu," alisema. "Na fundi huyu atachonga mpini mrefu, tuufunge kwenye mikanda ya mgongoni kwa mbwa. Mtoto atashika mti. Hatashika mbwa."

Mama akauliza, "Na akianguka?"

"Ataanguka. Hilo siwezi kukudanganya."

Nadhani ni jibu hilo lililomlainisha. Nilichonga mpini ule kwa mninga, nikausugua mpaka ukawa laini kama kijiko cha zamani, na fundi viatu wa sokoni akashona mikanda ya ngozi. Mwajuma alianguka, kama alivyoahidiwa. Watasema alisimama kila alipoanguka, akatazama mbele, kana kwamba ameona jambo la maana kule mbali, na hakumgeukia mpaka awe ameinuka. Sijui kama Bwana Mifugo alimfunza hilo au ni tabia yake mwenyewe. Nilimwuliza, akasema naye hajui.

Siku ya gulio la Ilongero wakaenda sokoni, binti na mbwa mbele, sisi wawili nyuma kwa mbali tukijifanya tunazungumza habari za mbao. Ilikuwa kama alivyosema. Watu waligeuka, wakamtazama mbwa. Wauza kuku walivuta matenga yao karibu. Mzee mmoja alimwuliza Mwajuma, si kuhusu miguu yake, bali kama mbwa huyo anauzwa. "Hauzwi," Mwajuma akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, akanunua karanga, akarudi.

Mbwa wa pili, Sijali, alikuja baadaye. Alikuwa dume jeusi, mtundu, aliyeokotwa akiwa mdogo kwenye mahame. Nyumba zilikuwa zimehamishwa kwenda kijiji kipya, watu wakachukua milango na mihimili, lakini mbwa wengi walirudi kwenye tembe tupu na kubaki huko, wasijue tena ni wa nani. Bwana Mifugo alianza kumfunza Sijali ili Watasema apumzike uzeeni. Watoto wadogo walimpenda huyu kuliko yule, kwa sababu alikosea kama wao.

Wale mbwa wa mahame ndio walioleta balaa. Mwaka uliofuata kichaa cha mbwa kikaingia. Mtu mmoja wa kijijini aling'atwa na akafa, na namna alivyokufa sitaieleza. Amri ikaja kutoka juu: mbwa wote ambao hawajachanjwa wauawe. Na mtu wa kutekeleza amri hiyo alikuwa Bwana Mifugo.

Aliitekeleza. Kwa wiki mbili hivi tulisikia bunduki asubuhi, upande huu, kisha upande ule. Aliua mbwa wa kuwinda, mbwa wa kulinda zizi, mbwa ambao watoto wa kaya walikuwa wamewapa majina. Alikataa kuwatumia askari mgambo, akasema hawajui kupiga mnyama afe mara moja. Watu waliacha kumsalimu. Jumamosi alikuja bwenini kama kawaida, na mikono yake, aliponawa, aliinawa muda mrefu.

Kukawa na mkutano wa kijiji. Nilikaa naye kwenye gogo moja. Mzee mmoja mfugaji, ambaye mbwa wake wote walikuwa wamepigwa risasi wiki ile, alisimama. Hakupaza sauti.

"Mimi sina ugomvi na amri. Nauliza tu. Bwana Mifugo, mbwa wako wote wamechanjwa?"

Sindano alikuwa nayo yeye. Hapakuwa na mtu mwingine pale ambaye angeweza kubisha, ila mimi, na mimi nisingefungua mdomo. Dawa ilipokuja, ilikuja kidogo. Aliwaanzia mbwa wa watu; Watasema alikuwa amechanjwa zamani, Sijali akasema atangoja itakayofuata. Iliyofuata haikuja. Neno moja tu lingetosha. Mkutano ungepokea, maana kwa ubaya wote waliomsema, mwongo hawakuwahi kumwita.

Alisimama. "Jike amechanjwa," alisema. "Dume bado."

Alipokaa nilimnong'oneza, "Kwa nini, bwana?"

"Mbwa wa mzee yule walikuwa watatu, fundi," akasema. "Mmoja alikuwa mzuri sana."

Asubuhi iliyofuata alimchukua Sijali nyuma ya mawe. Sikwenda naye. Nilikuwa karakana, nikasikia.

Jumamosi alifika na Watasema peke yake. Matroni alikuwa amemwomba awaambie watoto kwamba Sijali amepelekwa Kilimatinde kwa mtu mwenye shamba. Ulikuwa uongo mzuri, nami nilikuwa tayari kuuunga mkono. Watoto wakakusanyika, na mdogo mmoja akauliza, "Sijali yuko wapi?"

"Amekufa," alisema. "Nimemuua mimi."

Akawaeleza kwa nini, kwa maneno ya kawaida, bila kujitetea. Wadogo walilia. Yule kijana wa mikono inayotetemeka aligeuza uso. Mwajuma alikuwa ameshika mpini tayari kwa kutembea. Aliuachia. Akaingia bwenini akitambaa, akatoka na magongo yangu yote mawili, yale ya chini ya kitanda, akayaweka kwapani, akapita mbele yake bila kumtazama, akatoka langoni, ko, ko, ko, mpaka barabarani, mpaka mbali. Alikuwa hajawahi kutembea hatua moja kwa magongo mawili.

Matroni alitaka kumfuata. Bwana Mifugo akamzuia kwa mkono.

"Mwache," alisema. "Unamwona anavyotembea?"

Jumamosi kadhaa zikapita Mwajuma asimsemeshe. Bwana Mifugo alikuja vilevile, akakaa na wale waliomkubali. Wengine hawakumkubali kabisa, akawaacha. Siku moja Mwajuma alikuja kwa magongo yake, akasimama mbele yake.

"Aliogopa?"

"Hapana. Alidhani tunakwenda kufundishwa."

Mimi nilidhani maneno hayo yatazidisha hasira yake. Lakini alivuta kigoda akakaa, kisha akasema, "Shikamoo." Alikuwa hajaisema tangu siku ile. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na wakaendelea kukaa. Watasema alikuja akalala miguuni pa binti, na kwa mara ya kwanza tangu siku aliyokuja mama yake nilimwona Mwajuma akiweka kiganja chake moja kwa moja kwenye manyoya. Kisha akaomba maji na udongo wa kunawia.

Bwana Mifugo alihamishwa muda si mrefu baada ya hapo, kusini, upande wa Manyoni. Watasema alimfuata. Mwajuma alijifunza cherehani, akapanga chumba mjini Singida, na akashona sare za nusu ya shule za mji. Bweni liliendelea mpaka lilipofungwa. Mimi nilijaribu kuendelea na mbwa mwingine, nikashindwa. Nilikuwa na huruma mno, mbwa wakanizoea vibaya.

Nilimwona mara moja tu tena, baada ya miaka mingi. Nilikuwa nimekwenda Kilimatinde kutengeneza madawati, nikasikia kwamba mzee mmoja wa mifugo amelazwa hospitali ya misheni, kifua. Nikaenda saa ya kutazama wagonjwa. Wodi ya wanaume ilikuwa na mlango mpana unaotazama ukumbi, na baada ya ukumbi ardhi inateremka mpaka unaiona nchi ya chini yote, tambarare, kijivu kwa joto. Alikuwa kitanda cha karibu na mlango. Amekonda, soksi hana, lakini macho yale yale.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba. Fundi, kaa. Usizungumze."

Nilikaa. Nikadhani ni maumivu. Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye ukumbi, pale pale mlangoni, alikuwa amelala mbwa wa jikoni, mwekundu, wa kawaida kabisa, mwenye kovu puani. Kitanda cha jirani alilala kijana mwenye umri wa miaka ishirini hivi, uso ukutani, na chini ya shuka mguu mmoja uliishia gotini.

"Lori," alininong'oneza. "Tangu aletwe hajageuka. Hata mama yake alipokuja hakugeuka. Nimewaomba manesi wamruhusu mbwa afike kizingitini tu, asivuke. Leo nimemwona kijana anasikiliza anavyohema."

Tukangoja. Wageni wengine walikuja, wakapakua chakula, wakaaga. Nesi alipita, akamruka mbwa, akaendelea na kazi. Nilikuwa na habari nyingi za kumpa, za bweni, za Mwajuma, za watoto waliokwisha kuwa wazazi, na zote nilizishikilia mdomoni.

Kitanda cha jirani kililia. Kijana aligeuka, kidogo, kisha mzima, akalala kwa ubavu akitazama mlangoni. Mbwa aliinua kichwa. Walitazamana. Kijana alishusha mkono mmoja kando ya kitanda, vidole vikaning'inia, akapiga ulimi taratibu, kama mtu anayejaribu kama bado anaweza.

Bwana Mifugo alifumba macho, akajilaza vizuri kwenye mto.

"Haya," alisema. "Sasa niambie habari za nyumbani."